Ukuta wa Mijusi

Nimestaafu juzi tu, na tayari mke wangu ameniambia mara mbili kwamba hapa nyumbani hakuna mkutano, niache kuhutubia kuku. Ninyi mliobaki saiti mlinipa koti zuri la kuniaga, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi: jinsi ya kupima mchanga, kuchimba msingi, kupanga mawe. Nitaandika. Lakini kuna sentensi moja niliyoiandika katika ripoti nilipokuwa Ikutha. Ni sentensi fupi, na ni ya uongo. Nataka kuirekebisha kabla ya kuwafundisha kukoroga simiti, na ili mwelewe itabidi nianze mbali kidogo.

Nilizaliwa Kilungu, kwenye vilima, ambako maji huteremka yenyewe na mtoto hutumwa mtoni akarudi kabla uji haujapoa. Mtu wa Kilungu hudhani anajua maji kwa sababu ameyaona yakipita mlangoni. Mimi nilikuwa hivyo, na juu ya hayo nilijaliwa mdomo. Shuleni nilikuwa msemaji wa mijadala, kanisani nilikuwa msoma matangazo, na harusi za ukoo zilikuwa haziishi mpaka Kioko aseme mawili matatu. Nilipoajiriwa na shirika letu, ambalo mnalijua na sina haja ya kulitaja, nilijua kwamba nimeajiriwa kwa ajili ya sauti.

Ofisi ilikuwa Malili, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, malori ya Mombasa yakinguruma upande wa pili. Mkubwa wetu alikuwa Madam Mumbua. Siku yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja kutoka bondeni kulalamikia pampu ya dizeli ya kisima chao. Alianza na mkwewe. Akaendelea na mahindi, akarudi kwa mkwewe, akapitia kwa mbuzi wake, na baada ya muda mrefu sana akafika kwenye pampu. Madam alikuwa na daftari mapajani, limefungwa. Hakuandika hata neno mpaka mzee alipomaliza. Kisha akamrudishia maneno yake yote kwa ufupi, na mwisho akauliza, "Nimesikia sawa?"

"La," mzee akasema. "Umeacha mbuzi."

Madam akaomba msamaha, akarudi kwa mbuzi. Ikawa mbuzi walikuwa wamekataa kunywa kwenye birika la mifugo kando ya kisima tangu wiki iliyopita. Hapo ndipo alipofungua daftari, akaandika, akamtuma fundi siku hiyo hiyo. Fundi alikuta dizeli ikivuja na kuingia kisimani. Mbuzi walikuwa wameinusa kabla ya watu. Mimi nilikuwa nimekaa kona nikizuia kicheko, na hata baada ya fundi kurudi nilisema moyoni kwamba ni bahati tu. Kwa miaka kadhaa niliamini Madam Mumbua hunyamaza kwa sababu hana la kusema. Nawaambia ukweli ili mjue nilianzia wapi.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile chuma cha kupimia mchanga. Ninyi mnakijua: kirefu kunizidi, kina pengo dogo kila baada ya kiganja. Unakipiga nyundo mpaka kizame kwenye mchanga wa mto mkavu, unakizungusha, unakivuta. Pengo hutoka na mchanga wa kila kina, unaona ubichi umeanzia wapi. Kikigonga mwamba chini, unausikia kwenye viwiko. Kazi yetu ni ukuta wa kukinga mto wa msimu: mvua ikishuka, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii, na watu wanayachota kiangazi chote. Bila mwamba mzima chini, ukuta ni mapambo. Nilikuwa napenda kusema chuma hakidanganyi.

"Ni kweli," Madam aliniambia siku moja. "Lakini kinajua tu pale kilipopigwa."

Basi nikapewa saiti yangu mwenyewe. Mambo ya cheo niyaruke, hayajazi mtungi. Saiti ilikuwa kijiji kimoja kusini ya Ikutha, ambako kina mama walikuwa wakitoka na punda alfajiri kiangazini na kurudi jua likiwa utosini, kwa ajili ya jerikeni nne. Walikuwa na kikundi chao cha mwethya, yaani ule ushirika wetu wa kusaidiana kwa mikono: leo shamba lako, kesho langu, keshokutwa barabara ya wote. Mpango ulikuwa kwamba shirika litatoa simiti na fundi, mwethya utatoa mawe, mchanga na migongo.

Nilifika nikapiga chuma mahali panne, nikaupata mwamba karibu sana, mto ukiwa mwembamba na kingo zimesimama vizuri. Nilifurahi kama mtu aliyeokota simu. Siku iliyofuata niliitisha mkutano kanisani. Tulifungua kwa maombi, kisha nikasimama. Nilianza jua likiwa dirisha la kulia, nikamaliza likiwa dirisha la kushoto. Nilieleza mwamba, nikaeleza mchanga, nikawachekesha kidogo kuhusu punda wao watakaostaafu. Kina mama walikuwa wakisuka vyondo vyao, vile vikapu vya mkonge, vichwa chini, vidole vinakwenda. Mwishoni niliuliza, "Kuna swali?" Nilipokuwa nikiuliza nilikuwa nimeshachukua helmeti ya pikipiki kutoka mezani. Wakanipigia makofi. Ripoti sikungoja hata usiku, niliiandika pale pale nje ya kanisa, juu ya tangi la pikipiki: "Jamii imekubali kwa kauli moja. Hakukuwa na swali."

Hiyo ya mwisho ndiyo sentensi yenyewe. Nitairudia.

Ukuta ulijengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani kutoka kilimani. Kina mama waliimba tangu jiwe la kwanza, na sijawahi kusikia mwethya ukiimba vile. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mguu na sauti vinakwenda pamoja. Mwanzishaji alikuwa Syokau, katibu wa kikundi, mwanamke mwembamba mwenye sauti inayovuka mto. Simu za kurekodi zilikuwa zimeanza kufika mifukoni mwetu, nikarekodi. Nilicheza kidogo pia, na wao wakacheka sana, nikaona tumeelewana.

Katika wiki ya tatu jiwe liliteleza likabana mkono wa kulia wa Syokau. Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki, na njia nzima nilikuwa nikimweleza umuhimu wa glavu. Kipande cha juu cha kidole cha shahada hakikurudi. Wiki iliyofuata alikuwa saiti na bendeji, akiimba.

Mvua ikaja, mto ukashuka mwekundu, mchanga ukajaa mpaka mdomoni mwa ukuta. Nilipiga picha, nikatuma Malili. Mvua ilipokwisha hazikupita wiki nyingi kabla sijapiga chuma nyuma ya ukuta na kukivuta. Kilitoka kikavu kama kimetoka kwenye unga. Nikahamia hatua kumi, kikavu. Chini ya mchanga mwamba ulikuwa na ufa, na maji yote yalikuwa yamepitia humo kwenda yanakojua yenyewe. Juu ya ukuta mijusi walikuwa wakiota jua, wekundu kwa buluu, wametulia kabisa. Kijiji kilishaupa jina kabla sijafika: ukuta wa mijusi.

Simiti ya ukuta mmoja zaidi ilikuwepo, lakini kama kikundi kisingekubali kuanza kabla ya mvua nyingine, ingepelekwa kwingine, na kina mama wale wangerudi kwenye njia ya alfajiri pengine maisha yao yote. Kikundi kilituma ujumbe mfupi: hatubebi jiwe tena. Nilikaa nikaandika hotuba ya kurasa nne. Madam Mumbua akaja kutoka Malili, akaniomba nimwonyeshe, akaisoma yote, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake.

"Leo wewe ni dereva," akasema. "Dereva hahutubii."

Tulikaa kanisani humo humo. Madam hakusimama. Alivuta benchi akakaa usawa wao, daftari limefungwa mapajani, akasema kwamba amekuja kusikia habari za ukuta na hana kingine. Kimya. Vyondo vinasukwa. Kimya kile kilirefuka mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, nikataka kusaidia kwa neno moja tu la kuchangamsha. Alinitazama, nikaumeza mdomo wangu. Kisha akamgeukia mama aliyekaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, mama ambaye mimi sikuwahi hata kujua jina lake.

"Mwaitu," akamwambia, kwa heshima ya kumwita mama, "nianzie kwako."

Mama yule akasema shingo yake haijanyooka tangu mawe yale. Aliyemfuata akasema shamba lake halikupandwa kwa wakati. Wa tatu akasema mumewe anamcheka. Ilikwenda hivyo benchi kwa benchi, mpaka saa ya chakula na kupita. Madam hakututetea hata mara moja. Walipomaliza aliwarudishia, mmoja mmoja kwa jina, shingo, shamba, mume, kidole cha Syokau, na akahitimisha, "Kwa hivyo mlichoka. Nimesikia sawa?"

"La," Syokau akasema. Mikono ikaacha kusuka, kanisa zima. "Hatukuchoka. Sisi kuchoka ni kazi yetu. Tulidharauliwa. Tulijua pale hakuna maji."

Hapo sikuweza. "Lakini mwaitu, mbona hamkusema?"

"Tulisema," akajibu, bila kunitazama. "Mgeni huwezi kumpinga kwa mkutano, amevuka mto akuje kwako, hiyo ni adabu mbaya. Lakini kwa mwethya mtu huimba vile anaona. Tulikuimbia kila siku. Ukacheza."

Madam akaninyooshea kiganja. Nikampa simu. Akaweka ule wimbo niliorekodi, ambao nilikuwa nimemringia nao Malili, ukajaza kanisa, sauti ya Syokau mbele na mawe yakidondoka nyuma. Mimi ni Mkamba. Hawa wa Ikutha, upande wa Kitui, wanavuta maneno tofauti kidogo na sisi wa milimani, lakini hakuna neno hata moja pale lililonishinda. Maneno yalikuwa haya: beba jiwe, mama, tulipeleke pale punda hasimami, mgeni wa milimani ameona mwamba, hajaona ufa, beba taratibu, mama, mjusi anangoja nyumba yake.

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi. Nilikuwa nimewawekea wanangu nyumbani, nikawaambia hivi ndivyo watu wanavyompenda baba yenu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na sikuwa na mahali pa kuyaficha. Wao hawakucheka, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Wakatueleza habari ya punda. Kiangazini punda akipita mtoni mahali penye maji chini, husimama, hunusa, hukwaruza mchanga kwa kwato. Hapo ndipo kina mama wanapochimba. Pale nilipojenga, punda walikuwa wakipita bila hata kugeuza shingo, tangu enzi za bibi zao. Mimi nilikuwa nimetania punda wale mbele ya mkutano, bila kuuliza wanajua nini.

Nilitarajia Madam sasa awaombe. Mlango ulikuwa wazi, mtu yeyote angeomba. Yeye akasimama akasema, "Nimewasikia. Sina jibu leo. Nitarudi Alhamisi." Njiani nilimuuliza kwa nini ameacha nafasi ile. Akaniambia mtu aliyetoka kueleza jeraha lake ukimwomba kitu hapo hapo, atajua ulikuwa unangoja zamu yako tu.

Alhamisi alirudi, akakaa, daftari limefungwa. Waliongea tena, kidogo safari hii. Jua lilipoanza kuinama Syokau akamkazia macho.

"Madam, mbona hutuombi kitu?"

"Sijamaliza kusikia."

Syokau akaweka kiondo chake chini. "Basi vaa viatu vya kutembea," akasema. "Nyinyi wengine pia. Na huyu wa Kilungu alete hicho chuma chake."

Alitupeleka juu ya mto, mbali na ukuta wangu, mpaka mahali mto unapokunja kona chini ya mikuyu. Mchanga ulikuwa na mashimo ya zamani yaliyojifukia nusu, na alama za kwato. Nilishika nyundo, Syokau akainyakua kwa mkono wake mzima, akapiga mwenyewe. Chuma kilizama kirefu kabla ya kugonga, na kilipogonga kililia safi. Tulipokivuta, kuanzia pengo la tatu mchanga ulikuwa mbichi, wa kufinyangika. Tukapiga upande huu na ule wa kona mpaka giza likakaribia, kila mama akitaka zamu yake. Kila mahali kililia vile vile.

Hakuna aliyesema tumekubali. Syokau alisema tu kwamba Jumatatu ni siku nzuri ya kuanza, na akatoa sharti moja: mtu wa milimani abebe mawe na wao, kichwani, si kwa toroli. Nikabeba. Tulikuwa na wiki chache kabla ya mawingu, na kina mama wale ambao walikuwa wamekula kiapo cha kutogusa jiwe walifanya kazi ambayo ukuta wa kwanza haukuiona. Walikuja kabla ya fundi. Walikuja siku ambazo hazikuwa zao. Mama wa benchi la mwisho, yule mwenye shingo, alikataliwa kubeba akajipa kazi ya kupanga foleni, na hakuna mtu aliyeweza kukwepa. Fundi aliniuliza Madam amewaahidi nini. Nikamjibu hajawaahidi chochote, amewasikiliza siku mbili. Hakuniamini. Wimbo ulikuwa mpya, na safari hii nilifuata kila neno. Nilitajwa katika beti mbili, na zote mbili hazikuwa za sifa.

Mawe ya mwisho yalipangwa mawingu yakiwa yameshasimama juu ya kilima. Mvua ilikuja, ikaenda. Nilingoja kiangazi kama mgonjwa anayengoja majibu. Mwezi wa kumi, vumbi likiwa limekaa kila mahali, nilikwenda peke yangu bila chuma. Nilikaa kando ya kona nikatazama punda wa kwanza akishuka na jerikeni tupu ubavuni. Alifika nyuma ya ukuta, akasimama, akanusa, akaanza kukwaruza. Nililia, na punda peke yake ndiye shahidi.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi vingine, ingawa haikuwa rahisi. Mdomo haustaafu upesi. Helmeti niliiacha kwenye pikipiki nje. Nilianzia benchi la mwisho. Daftari lilibaki limefungwa mpaka mtu amalize, hata akipitia kwa mkwewe na mahindi. Kule kwetu Kilungu nilikaa siku tatu na ndugu wawili waliogombania chemchemi, na siku ya tatu walinipatanisha mimi na subira yangu kabla sijawapatanisha wao. Msidhani kusikiliza ni upole. Inachosha mgongo kuliko nyundo, kwa sababu lazima uwe tayari kuambiwa kwamba umekosea, na uwe tayari kubomoa. Madam Mumbua anafuga nyuki siku hizi. Nadhani wanaelewana.

Wiki ya mwisho ya kazi kikundi cha Ikutha kilinialika niage. Kanisa ni lile lile, mabati mapya. Nilisema machache, kwa viwango vyangu, kisha nikauliza kama kuna swali, nikakaa chini, nikangoja jinsi nilivyofundishwa. Benchi la mwisho, mkono wa kulia ukainuka. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi kuliko vingine.

Syokau amezeeka sasa. Alisimama polepole.

"Mwana wa Kilungu, ile siku ya kwanza kabisa, hapa ndani, uliuliza kama kuna swali. Niliinua huu mkono. Ulikuwa bado mzima. Uliniona ama hukuniona?"

Tulikuwa tumejuana miaka mingi. Nimekula kwake, amekuja kwenye harusi ya binti yangu, na hakuwahi kuniuliza. Ningeweza kusema sikumbuki, na watu wote mle ndani wangenisamehe kama mtu mzima aliyesahau.

"Nilikuona, mwaitu," nikasema. "Nilikuwa nimeshashika helmeti."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Nilitaka uniambie wewe."

Alikuwa anakaa, nami nikagundua kwamba nilikuwa karibu kufanya kosa lile lile kwa mara ya pili. "Mwaitu, ngoja. Siku ile ulitaka kuuliza nini?"

"Kitu kidogo tu. Nilitaka kuuliza kama umetembea mpaka pale kwenye kona."

Basi vijana, tafuteni faili la Ikutha kwenye kabati la Malili, ripoti ya mkutano wa kwanza, na mbandike karatasi hii juu ya mstari wa mwisho. Kulikuwa na swali moja. Liliulizwa na Syokau, katibu wa kikundi, kwa mkono wa kulia. Jibu ni hapana, sikuwa nimefika.